Kharetsa kwenye bustani ya mawe: mizizi ya baridi, maji yanayopita

Kharetsa, mshubiri wa milima ya Lesotho unaoitwa kitaalamu Aloe polyphylla, hufia mikononi mwa watu wanaojua vizuri kutunza mishubiri mingine. Wanauweka juani, wanaunyima maji, wanasubiri udongo ukauke kabisa kabla ya kumwagilia tena. Msimu wa joto wa kwanza ukifika, majani ya chini yanalegea, kitovu kinabadilika rangi, na mmea unang'oka kwa mkono mmoja bila mzizi hata mmoja. Wengine husikia kwamba unapenda maji, wakaumwagia maji mengi kwenye udongo mzito, na mwisho ukawa ule ule. Baada ya kuona mingi ikistawi na mingi ikioza, nasema kwa uhakika kwamba baridi peke yake haiuui kirahisi, na maji peke yake hayauui kirahisi. Kinachouua ni mizizi kupata joto mahali pasipo na hewa. Karibu kila ushauri utakaousoma hapa unatokana na jambo hilo.

Mmea wenyewe hauna shina la kuonekana. Majani yake, kati ya 75 na 150, yamejipanga kwa safu tano, na kila safu inazunguka kutoka kitovuni kwenda nje, ama kufuata mkono wa saa au kinyume chake. Upande wa mzunguko ni wa kuzaliwa nao, huwezi kuubadilisha kwa kuugeuza mmea. Ukikomaa hufikia upana wa sentimita 60 hadi 80. Jani ni nene, rangi yake kijani cha kijivu, kingo zina meno meupe, na ncha ni kavu yenye weusi wa zambarau. Ncha hiyo huwatisha wengi bure. Ndivyo ilivyo hata kwenye mmea wenye afya kamili.

Porini haupatikani popote duniani isipokuwa Lesotho, kwenye miteremko mikali ya basalti, mwamba mweusi wa volkano, iliyo juu ya mita 2,000. Majira ya joto ya huko ndiyo majira ya mvua: mvua hunyesha, mawingu hutanda, na maji hupita chini ya mawe siku baada ya siku. Majira ya baridi ni makavu na theluji huanguka. Uuangalie mmea mmoja mlimani kwa karibu. Umeegemea mteremko, kitovu chake kikitazama bonde wala si mbingu. Mizizi yake imepenya kati ya vipande vya basalti vyenye udongo mweusi kidogo katikati. Jiwe la juu lina joto la jua, lakini ukilifunua, upande wake wa chini una unyevu na ubaridi, na hakuna tone la maji lililotuama. Hali hiyo ndiyo tunayoijenga bustanini.

Sababu yake inaeleweka. Mizizi ya kharetsa ni minene, laini, nayo inapumua. Maji yakipata joto hubaki na oksijeni kidogo, na wakati huo huo mizizi pamoja na vijidudu vya udongoni huhitaji oksijeni zaidi. Mizizi ikikosa hewa hufa kuanzia nchani, halafu vimelea vya kuozesha, Pythium na Fusarium, huingia palipokufa na kupanda hadi kwenye kitako cha mmea. Ndiyo maana mmea unaweza kunyeshewa mwezi mzima kwenye baridi ya nyuzi 12 usipate kitu, halafu ukaoza kwa siku chache za joto la nyuzi 32 baada ya kumwagiliwa mara moja kwenye chungu cha plastiki cheusi.

Basi kabla ya kununua mmea, pima joto la ardhi. Chukua kipimajoto kirefu, kama kile cha kupimia nyama, kichomeke sentimita 10 chini saa tisa alasiri katika kipindi cha joto kuliko vyote mwakani. Chini ya nyuzi 22, mahali ni pazuri. Kati ya 22 na 26 panawezekana kwa kivuli cha alasiri na mawe ya kutosha. Juu ya hapo, tafuta kona nyingine. Joto la usiku nalo lina uzito wake: mmea huu unataka usiku unaopoa, na usiku wa nyuzi 24 wa Dar es Salaam au Mombasa hauupi nafasi hata kidogo. Watu wa pwani watafute mishubiri yao ya joto, ipo mizuri.

Kwa Afrika Mashariki, mahali pa kujaribu ni nyanda za juu zenye baridi. Napenda zaidi Makete, Njombe na milima ya Uporoto, kusini mwa Tanzania, kwa sababu mpangilio wao wa misimu unakaribia sana ule wa Lesotho: mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, halafu Juni hadi Agosti baridi kavu, pengine na sakitu asubuhi. Upande wa Kenya, Limuru na Nyandarua wana ubaridi wa kutosha, ila mvua zao ni mara mbili kwa mwaka na mwezi wa Julai ni wa mawingu na manyunyu, kwa hiyo mteremko uwe mkali zaidi. Uingereza mambo yamegeuka: majira ya joto ni ya wastani, mmea unayafurahia, lakini mvua nyingi inakuja wakati mmea umelala. Hata hivyo kusini-magharibi mwa Uingereza unaishi nje mwaka mzima. Pwani ya California karibu na San Francisco unastawi sana kwa sababu ukungu wa bahari hupoza majira ya joto.

Tukija kwenye ujenzi, pima kwanza jinsi ardhi yako inavyopitisha maji. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, lijaze maji, yaache yapotee, kisha lijaze tena na uangalie saa. Maji ya mara ya pili yakitoweka ndani ya nusu saa, unaweza kujenga juu ya ardhi ilivyo. Yakichukua zaidi ya saa mbili, usichimbe shimo la kupandia hata kama utalijaza kokoto tupu, maana shimo kwenye mfinyanzi ni bakuli na maji ya bustani nzima yatakusanyika humo. Hapo jenga juu: inua tuta la mawe na kifusi angalau sentimita 60 kutoka usawa wa ardhi, au tumia ukuta wa mawe usio na saruji.

Mteremko ndio roho ya kazi. Lenga nyuzi 45, na 60 ni bora zaidi kama mawe yako yanaweza kuushikilia. Kwenye ardhi tambarare mvua hutuama katikati ya majani, na majani yamebanana kiasi kwamba maji yaliyoingia kitovuni hukaa siku nyingi. Mmea ukilala ubavu, maji hufuata safu za majani na kumwagika nje. Karibu na ikweta elekeza mteremko mashariki ili mmea upate jua la asubuhi na kukwepa la saa nane mchana. Uingereza, kusini au kusini-mashariki panafaa, maana huko jua lenyewe ni haba.

Chagua mawe makubwa, ya kilo 20 hadi 50, uyazike theluthi mbili. Wengi hupanga mawe juu ya udongo kwa mapambo, lakini kazi ya jiwe hapa ni kupeleka ubaridi chini na kushika mteremko usiporomoke. Jiwe lililozikwa vizuri lina sehemu kubwa iliyo kwenye ardhi baridi, na mizizi huiparamia. Litegeshe likiinama kidogo kuelekea ndani ya kilima, ili mvua iteremke nyuma yake kwenda mizizini badala ya kumwagika mbele. Kokoto nyeusi za volkano zikiachwa wazi juani huchemka. Kama huna nyingine, zitumie chini na uweke za rangi hafifu juu.

Mchanganyiko wa kupandia kwa mmea mmoja unajaza nafasi ya sentimita 60 kwa 60 kwa kina cha 50, yaani lita 180. Kwa ndoo ya lita 20, vipimo ni hivi: ndoo nne za pumisi au mawe mepesi ya volkano ya milimita 5 hadi 10, ndoo mbili za mchanga wa mto ulio mkubwa, ndoo mbili za mboji ya majani iliyooza vizuri, na ndoo moja ya udongo wa shambani. Hizo ni ndoo tisa, sawa na lita 180 kwenye karatasi, ila mchanga na udongo vitazama kwenye nafasi kati ya mawe na utajikuta na pungufu. Andaa ndoo kumi na moja kwa uwiano huo huo. Chekecha pumisi na mchanga kwanza na utupe vumbi lote, kwa sababu vumbi ndilo huziba njia za hewa baada ya miaka miwili, mmea unaanza kudhoofika na mwenyewe haelewi kwa nini. Mchanga wa baharini usiutumie. Una chumvi, na mara nyingi una chokaa ya magamba. Samadi mbichi pia usiitie. Mahali pasipo na pumisi, vipande vya matofali ya kuchoma vilivyopondwa hufanya kazi nzuri.

Usiweke tabaka la kokoto tupu chini ya mchanganyiko huu. Maji hayashuki kwa hiari kutoka kwenye udongo wenye matundu madogo kwenda kwenye kokoto zenye matundu makubwa. Hungoja mpaka udongo wa juu ushibe kabisa. Tabaka hilo linapandisha maji yaliyotuama hadi mizizini. Mchanganyiko uwe wa aina moja mpaka chini ukutane na ardhi.

Panda mwanzoni mwa msimu wa kukua wa eneo lako, ili mizizi iwe na miezi mitano au sita kabla ya majira magumu. Uingereza ni Aprili au Mei. Makete na Njombe ni Novemba, mvua zikishaanza na ardhi imepoa. Mche wa upana wa sentimita 15 hadi 25 ndio rahisi kuliko yote: mdogo zaidi ya hapo huliwa na konokono, mkubwa zaidi hukasirikia kuhamishwa. Utoe kwenye chungu na ukung'ute udongo wa kitaluni. Vitalu vingi hutumia peti tupu (mabaki ya mimea ya kinamasi), nayo ikiachwa kuzunguka mizizi hukauka ikawa ngumu kama sponji kavu, maji yanapita pembeni na mizizi ya ndani inabaki na kiu huku nje kumelowa. Iloweke kwenye beseni la maji baridi kwa dakika 20, kisha ivue polepole kwa vidole. Mizizi yenye afya ni minene, myeupe au ya manjano hafifu. Iliyo ya kahawia na inayobanduka ganda ukiivuta imekufa; ikate.

Tengeneza mwanya kati ya mawe mawili, tandaza mizizi kuelekea ndani ya kilima, na ulaze mmea kwa pembe ile ile ya mteremko. Jaza mchanganyiko ukiusukuma kwa kijiti kati ya mizizi mpaka mmea usitikisike. Kitako cha majani kisiguse mchanganyiko wenye mboji. Kati ya udongo na majani ya chini acha sentimita 4 na uzijaze kokoto safi tupu, ukizipenyeza chini ya kila jani kwa vidole. Sentimita hizo nne ndizo zinazookoa mmea wakati wa mvua za mfululizo, kwa sababu kitako hukauka ndani ya saa chache hata kama mizizi imelowa. Kama mmea unateleza, uegemeze jiwe dogo upande wa bonde kwa mwaka wa kwanza. Mwagilia siku hiyo hiyo lita mbili, taratibu. Kuacha wiki nzima bila maji ni kanuni ya mimea iliyokatwa mizizi. Kharetsa yenye mizizi mizima inataka maji mara moja.

Baada ya hapo, maji. Msimu wa kukua, siku ambazo hakuna mvua, mmea wa upana wa sentimita 20 unataka lita mbili kila baada ya siku tatu au nne. Mmea mkubwa wa sentimita 60 unataka lita nane hadi kumi kila baada ya siku nne au tano. Mwaga upande wa juu wa mteremko, sentimita 20 nyuma ya mmea, yashuke yenyewe kupita mizizini. Mwagilia alfajiri au usiku ardhi ikiwa baridi. Maji ya mchana kwenye mpira uliolala juani yanaweza kuwa ya moto wa kuchoma mkono, na yanafika mizizini hivyo hivyo. Joto likipanda juu ya nyuzi 30, mmea husimama kukua. Hapo punguza kiasi hadi theluthi, weka kivuli cha wavu wa asilimia 40 kuanzia saa sita, na usubiri hali ipoe. Kosa la kawaida ni kuongeza maji wakati huo, kwa kuwa mmea unaonekana una kiu.

Maji ya mvua ni bora. Maji magumu ya bomba huacha chokaa nyeupe kwenye majani na hupandisha polepole pH ya udongo, yaani kipimo cha asidi, kiwango ambacho mmea huu hupenda kiwe chini ya 7. Visima virefu vya Bonde la Ufa mara nyingi vina chumvi na floraidi nyingi. Ukivitumia utaona ncha kavu zikirefuka kutoka sentimita moja hadi tatu, nne, kwenye majani yote kwa pamoja. Dawa yake ni kupitisha maji mengi ya mvua kwenye mteremko ili chumvi ishuke, si mbolea.

Majira ya baridi, mmea uliokomaa na wenye mizizi isiyojaa maji huvumilia karibu nyuzi 10 chini ya sifuri. Theluji iliyoufunika ni blanketi, usiifagie. Hatari ni barafu iliyogandia kitovuni baada ya mvua, maana hupasua majani machanga yakiwa bado yamefumbwa. Mche wa chini ya sentimita 20 ufunike kwa kitambaa chepesi cha bustani baridi ikifika nyuzi 4 chini ya sifuri, na uufunue asubuhi. Kwa Uingereza, njia inayofaa ni kipande cha kioo au polikabonati (plastiki ngumu inayopitisha mwanga) kilichoinuliwa sentimita 30 juu ya mmea kwa vigingi vinne, kikiinama kufuata mteremko, pande zote wazi, kuanzia Novemba hadi Machi. Kibanda cha plastiki kilichofungwa pande zote ni kibaya kuliko mvua yenyewe, kwa sababu unyevu unabaki ndani na kuvu hushamiri.

Ukishapanda, jifunze kuusoma mmea. Majani yakijikunja kwenda ndani na kubanana, ubapa wa mmea ukawa mpira, mmea unajikinga na kiu, baridi au jua kali. Chokonoa udongo kina cha kidole kabla ya kuamua. Rangi nyekundu ya kahawia mwilini mwote wakati wa baridi ni ya kupita. Jani moja moja la chini kabisa kukauka ni uzee tu, liache likauke kabisa kisha livute kwa upande. Kinachotakiwa kukushtua ni majani kadhaa ya chini kuwa laini na kung'aa kama yaliyochemshwa, au mmea mzima kupoteza mng'ao huku udongo una unyevu. Kunusa husaidia: kitako kinachooza kina harufu kali ya uchachu hata kabla ya dalili kuonekana juu.

Ukiiona hali hiyo usingoje hadi kesho. Ng'oa mmea, osha kitako, bandua majani yote yaliyolainika, na ukate kitako kwa kisu kilichopitishwa kwenye moto, kipande chembamba baada ya kingine, ukisafisha kisu kila mara, mpaka mkato uwe mweupe wote bila doa la kahawia hata lile dogo la katikati. Doa hilo la katikati likibaki, kazi yote ni bure. Pakaa unga wa salfa au mdalasini, kisha uweke kivulini penye upepo siku saba hadi kumi mpaka jeraha liwe gumu. Halafu uketishe juu ya pumisi yenye unyevu kidogo, usiufukie, mahali pa nyuzi 15 hadi 20. Mizizi mipya ikitokea utaihisi mmea ukikataa kusogea. Si yote inayopona, lakini iliyokatwa mapema hupona mara nyingi kiasi cha kustahili jasho hilo.

Mbolea ni kidogo. Ya maji, yenye naitrojeni ndogo kuliko potasiamu, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa mwezi wakati wa kukua tu. Naitrojeni nyingi hutoa majani marefu, laini, yenye kuachana, na mzunguko ule mzuri hufumuka.

Kwa wadudu, kagua vidung'ata weupe kwenye makutano ya jani na kitako, na vidugamba upande wa chini wa majani. Wafute kwa pamba yenye spiriti. Vidukari hupenda kujificha kitovuni, wasafishe kwa mkondo wa maji asubuhi ili pakauke kabla ya usiku. Utitiri wa mishubiri hufanya uvimbe wenye manundu kama saratani. Kata sehemu hiyo pamoja na nyama safi kuzunguka, na uichome moto, wala usiitupe kwenye mboji. Ulaya kuna fukusi mweusi wa bustani ambaye funza wake hula mizizi kimya kimya. Mmea unaolegea wakati maji ni sahihi unastahili kuchunguzwa mizizi.

Kuhusu kupata mmea nina msimamo mkali. Kharetsa iko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, daraja la viumbe vilivyo hatarini zaidi, na hali hiyo imeletwa kwa kiasi kikubwa na watu wanaoing'oa milimani kuiuza. Mmea mkubwa uliong'olewa porini karibu kila mara hufa, kwa sababu mizizi yake imekatikia mwambani. Anayeununua amelipia mzoga na kuupunguzia mlima mmea uliochukua miaka mingi kukua. Nunua mche wa kitaluni, na kama unavuka mpaka hakikisha muuzaji anakupa kibali cha CITES na cheti cha afya ya mimea. Mbegu nazo zinahusika.

Mbegu zenyewe ni mtego mwingine. Mishubiri huzaliana kirahisi baina ya aina na aina, hivyo mbegu zilizovunwa kwenye bustani yenye mishubiri mbalimbali mara nyingi ni machotara. Miche michanga haina mzunguko, majani yake hujipanga tu, kwa hiyo utaligundua jambo hilo baada ya miaka. Uliza kama mimea mama ilichavushwa kwa mkono.

Mbegu ziwe mbichi, za mwaka huo huo. Ziloweke dakika 10 kwenye mchanganyiko wa kijiko kimoja cha chai cha jiki na mililita 100 za maji, kisha zisuuze mara tatu. Njia inayonipendeza ni kuziotesha majini: glasi safi, maji yaliyochemshwa na kupoa kwa kina cha sentimita 3, mbegu zikielea juu, mahali penye mwanga bila jua la moja kwa moja, nyuzi 18 hadi 22. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Kimzizi cheupe hutokeza kati ya wiki moja na tatu. Kikifika sentimita moja, kihamishie kwa kijiti chenye unyevu kwenye chungu kirefu cha sentimita 9 chenye pumisi laini sehemu tatu na mboji iliyochekechwa sehemu moja, kimzizi chini, ganda la mbegu likibaki juu ya udongo. Ukichelewa kikawa sentimita tatu, kitavunjika ukikigusa. Miche hiyo isikauke kabisa mwaka wake wa kwanza.

Mmea wako ukifika umri wa kuchanua, shina la maua hupanda na kugawanyika matawi, likiwa na maua ya rangi ya waridi iliyoiva. Mlimani huchavushwa na chozi yule wa kijani kinachometa mwenye mkia mrefu, ambaye anaishi pia kwenye nyanda zetu za juu za Kenya na Tanzania, kwa hiyo usishangae akija. Pasipo na chozi, tumia brashi laini. Unahitaji mimea miwili isiyo ndugu wa damu moja: ukiwa na miwili iliyozalishwa maabara kutoka tishu za mmea mmoja, hiyo ni mmea mmoja kwa asili yake na usitegemee mbegu. Ua hukomaa kiume kwanza. Siku linapofunguka, chavua inatokeza mdomoni. Baadaye nyuzi zenye chavua zikinywea, ncha ya kike hujitokeza na kuwa na unatanata kidogo. Kwa sababu maua hufunguka kuanzia chini, kwenye shina moja utapata chavua juu na ncha za kike chini kwa wakati mmoja. Chukua chavua ya mmea wa kwanza saa nne asubuhi umande ukiisha, uipake kwenye ncha za kike za mmea wa pili, na kinyume chake, ukirudia kila siku maua yanapoendelea kufunguka. Vitunda vikianza kugeuka kahawia, vivike kipande cha soksi nyembamba na ukifunge kwa uzi, maana hupasuka ghafla na mbegu zina mabawa madogo. Upepo wa alasiri moja unatosha kuzimaliza zote.